Pumzi ya Violetta: barua kwa mwanangu aliye Muscat

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, mvua zimeanza, na mguu wangu unaendelea vizuri, basi usiwe na wasiwasi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili nikaona haufai kujibiwa kwa simu. Uliandika hivi: "Mama, ile opera tuliyotazama nilipokuwa likizo, yule mwanamke ana afya tele, anakimbia jukwaani, jasho linamtoka, halafu eti anakufa kwa kifua kikuu huku akiimba. Wewe umewauguza wenyewe kwa mikono yako. Unalizwa na nini?"

Ni swali zuri, baba, na lina umri wa zaidi ya miaka 170. Opera hiyo, La traviata ya Mtaliano Verdi, ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Machi 6, 1853, katika ukumbi wa La Fenice kule Venice, watu waliuliza hilohilo. Aliyeimba Violetta, yule mwanamke anayekufa, alikuwa Fanny Salvini-Donatelli, mwanamke mnene. Daktari kwenye sehemu ya tatu aliposema mgonjwa amebakiwa na saa chache tu, ukumbi ukacheka. Verdi aliwaandikia rafiki zake kwamba onyesho limeanguka, akauliza kosa ni lake au la waimbaji, akasema wakati utaamua. Mwaka uliofuata likachezwa tena Venice, ukumbi mwingine, likapendwa, na mpaka leo halijashuka jukwaani.

Wale wa 1853 waliketi mbali, tena bila kamera. Wewe umetazama kwenye televisheni ya sebuleni kwangu, uso wa mwimbaji Anna Netrebko umejaa kioo kizima, unamwona mpaka kope. Kwa hiyo ninakubali kwamba kwako shida ni kubwa zaidi. Kamera inapomsogelea mwimbaji inatuonyesha mtu mwenye nguvu, na hadithi inasema ni mtu anayekwisha.

Ngoja nikwambie kwanza nilichokijua wodini. Umekua ukijua mama ni nesi, lakini ya kule sikuwa nayaleta nyumbani. Wodi ya kifua kikuu nilikaa miaka 14. Wakati huo matibabu yalikuwa miezi minane, na miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alilala kwetu, tunamchoma streptomycin kila siku. Wengi walipona, alhamdulillah, wakaondoka wamenenepa. Ila walikuwapo walioletwa wamechelewa, mapafu yameshaliwa. Mgonjwa wa namna hiyo humtambui kwa wembamba peke yake. Unamtambua anavyoongea. Sentensi yake inakatika. Anasema maneno matatu, anavuta pumzi, anasema mawili. Anachagua maneno, kwa sababu kila neno lina gharama.

Sasa rudi kwenye ile sehemu ya tatu. Violetta ana barua ya baba yake Alfredo, mpenzi wake; ni baba mkwe ambaye hakuwa baba mkwe kamwe, ndiyo maana ya kisa chenyewe. Haiimbi. Anaisoma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema peke yake, na nyuma yake violini inapiga polepole ule wimbo wa mapenzi ambao Alfredo alimwimbia sehemu ya kwanza. Verdi alikuwa na mwimbaji, alikuwa na okestra, akaamua hapo mgonjwa aongee tu. Mara ya kwanza kusikia nilisimamisha diski. Nilimjua yule. Nimewasikia wengi wakisoma barua zao hivyo, kitandani, usiku.

Kisha unakuja wimbo wake wa kuaga, Addio del passato, na obo, ala ya kupuliza, inalia kati ya mistari. Mistari ni mifupi. Mwisho wake ni noti moja ya juu ambayo mtunzi anataka itoke nyembamba kama uzi. Hapa ndipo ilipo sehemu ya jibu lako. Sauti ya kupiga kelele ni rahisi kuliko ile. Ili sauti ya juu itoke ndogo, isitetemeke, isikatike, mwili mzima lazima ufanye kazi: mbavu zibaki zimefunguka, tumbo lizuie, shingo isikaze. Mgonjwa wa kweli asingeweza kuimba udhaifu wake mwenyewe. Inahitaji mtu mzima wa afya, tena mwenye mazoezi ya miaka, atoe sauti ya mtu aliyeishiwa. Netrebko pale hajifanyi kukosa pumzi; anaitumia yote aliyonayo, na kamera inakuonyesha anavyoitumia. Ukumbini, kutoka viti vya juu, hilo hulioni.

Ndiyo sababu napenda opera iliyopigwa picha wakati inaimbwa kweli, mbele ya watu, kuliko filamu ya opera. Nilitazama pia ile ya Franco Zeffirelli ya 1982, yenye Teresa Stratas na Plácido Domingo. Ni nzuri kwa macho: majumba, mishumaa, mashamba. Stratas ni mwembamba, mdogo, uso wake ungeingia wodini kwangu bila mtu kuuliza. Filamu inaanzia mwishoni, Violetta mgonjwa ndani ya nyumba ambayo vitu vyake vinahamishwa, ndipo inarudi nyuma kama kumbukumbu. Lakini sauti zilirekodiwa kwanza, kisha wakaigiza juu ya rekodi. Mdomo unafunguka na shingo imetulia. Stratas anaonekana mgonjwa zaidi ya Netrebko, lakini mimi namwamini zaidi Netrebko. Ugonjwa unaweza kupakwa usoni, pumzi haipakwi.

Ile uliyoniletea ni ya tamasha la Salzburg, Austria, 2005, mwongozaji Willy Decker. Nilikuona ukiguna kwamba hakuna hata kitanda. Kweli, kuna ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa mno, na gauni jekundu. Umemkumbuka yule mzee wa koti jeusi aliyekaa kimya karibu na saa tangu muziki unaanza, kabla hajaimba mtu? Uliniuliza ni nani nikakwambia subiri, halafu tukasahau. Ni Daktari Grenvil. Katika opera yenyewe ana mistari michache, Decker akamfanya awepo toka mwanzo, kama mauti yaliyokwisha kukaa sebuleni. Sehemu ya tatu anamwambia Violetta kupona hakuko mbali. Violetta anamjibu kwamba madaktari wameruhusiwa uongo wa huruma. Dakika moja baadaye anamnong'oneza Annina, msichana wa kazi, kwamba ni saa chache. Mwanangu, maneno hayo nimeyasema mimi. Kitandani nilisema "utapona," mlangoni nikamwambia mama mtu vingine. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo mpaka nilipoliona linaimbwa.

Na kuna kitu kimoja cha mwisho, ambacho ndicho hasa kinachoniliza, kwa hiyo nikujibu bila kuzunguka.

Alikuwapo msichana, miaka 19 hivi, aliletwa amechelewa. Wiki tatu hakuinua kichwa. Asubuhi moja nimeingia zamu nikamkuta ameketi. Homa imeshuka, macho yanang'aa, kikohozi kimya. Akaniomba kitana. Akaomba uji, akanywa nusu kikombe, akataka asogezwe dirishani aone barabara. Mama yake akaanza kukunja nguo ndani ya mfuko, eti wanarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshaona asubuhi kama hiyo mara kadhaa. Nilimchana nywele mwenyewe, taratibu, nikijua. Kabla ya alasiri alikuwa amefariki, Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza Violetta anavyokufa. Wamekwisha kufika wote, Alfredo, baba yake, daktari, wamechelewa wote. Ghafla anasema, tena hasemi kwa kuimba, anasema tu: ajabu. Maumivu yameacha. Ule wimbo wa violini unarudi, juu sana, laini sana. Anahisi nguvu zinazaliwa upya, anainuka, anadhani anarudi kuishi, anapaza sauti ya furaha, na anaanguka. Piave aliyeandika maneno na Verdi aliyeandika muziki waliitunga opera hii kabla daktari Mjerumani Robert Koch hajatangaza vimelea vya ugonjwa huu, mwaka 1882. Hawakujua unasababishwa na nini wala unaambukizwa vipi, ndiyo maana wote wanamkumbatia Violetta na hakuna anayefungua dirisha ila kwa ajili ya mwanga. Lakini asubuhi ile waliijua. Mwanamke halisi aliyezaa hadithi hii, Marie Duplessis, alifia Paris mwaka 1847 akiwa na miaka 23, na wakati ule kila ukoo ulikuwa na kitanda kama hicho. Kwenye ile asubuhi ya kitana mimi nilikuwa peke yangu miaka mingi. Nilidhani hakuna aliyeiona isipokuwa manesi.

Basi hicho ndicho kinacholiza, baba. Jasho la Netrebko halinisumbui.

Ila nikuambie na upungufu, nisije nikakudanganya. Maikrofoni inasawazisha. Sauti kubwa na sauti ndogo zikipita mle zinatoka karibu sawa, na ukubwa wa sauti isiyo na kipaza sauti, inayovuka okestra nzima na kukufikia kifuani, hiyo diski haiwezi kukupa. Vilevile unaona anachotaka mpiga picha uone. Katika ile ya Salzburg, baba yake Alfredo, anayeimbwa na Thomas Hampson, anapomwomba Violetta amwache kijana wake ili binti yake apate kuolewa, mimi natamani wakati wote nimtazame anayeambiwa, si anayeimba. Mara nyingine kamera inakubaliana nami, mara nyingine haikubali.

Ukirudia kutazama, usitumie spika za televisheni, zinaua violini na kufanya kila soprano, mwanamke wa sauti ya juu, awe kama anaita kutoka kwenye ndoo. Vaa visikilizio vya masikioni. Soma kisa kwanza, ili maandishi ya tafsiri yapite chini ukiyatupia jicho tu. Na usitazame yote kwa mkupuo ukiwa umetoka kazini. Ina sehemu tatu, sehemu moja kwa usiku inatosha. Mimi niliyaanza haya Machi 2020, ukumbi wa opera wa Metropolitan wa New York ulipofunga milango na kurusha opera moja kila usiku bila malipo, ya kwanza Carmen. Kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku, sikukesha, nilikuwa nikiikuta kesho yake, mjukuu ananiunganishia simu kwenye televisheni.

Sasa wewe uko mji wenye ukumbi wa opera, uliofunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini, na katika miaka yote uliyokaa huko umepita nje tu. Angalia ratiba yao. Iwe yoyote ile, ya Kitaliano ukipata ni bora zaidi. Chukua kiti cha bei ndogo cha juu, hutaona uso wa mtu, si neno. Akifika soprano kwenye noti ya juu iliyo ndogo, funga macho. Halafu uniandikie kama uliisikia anavyoivuta pumzi kabla yake.

Akupendaye,
Mama