Jibu: Je, Pausanias alitumwa kumuua Mfalme Philip?

Salaam ndugu. Umekwama hapa: mwaka 336 KK Pausanias, mlinzi wa mfalme, alimchoma kisu Philip wa Pili wa Makedonia kwa kisasi chake binafsi, au alitumwa? Mimi huanza na farasi. Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anasema walimngoja langoni, tena zaidi ya mmoja. Mtu mmoja, wa nini farasi zaidi ya mmoja? Pausanias akikimbia, kiatu kikanasa kwenye mzabibu, akauawa palepale bila kuhojiwa. Inauma sana.

Mwanafalsafa Aristotle, aliyeijua ikulu ile, anataja kisasi tu. Lakini waangalie ndugu watatu wa Lynkestis, eneo la Makedonia, walioshukiwa kuhusika: wawili waliuawa, wa tatu akasamehewa kwa kuwahi kumtambua Alexander, mwana wa Philip, kuwa mfalme. Hapo nashuku siasa. Olympias, mama wa Alexander, kuhusika, siwezi kuthibitisha.