Kabla hujanunua antivairasi, angalia barua pepe ya mhasibu wako

Mkuu, umeuliza ununue antivairasi gani baada ya mhasibu wenu kulipa ankara iliyobadilishwa namba ya akaunti. Nimekaa miaka kwenye kitengo cha kompyuta cha kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar, na kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna antivairasi ambayo ingeizuia hiyo pesa kuondoka. Mhasibu aliaminishwa, akalipa kwa mkono wake.

Kevin Mitnick, mdukuzi wa Kimarekani aliyekamatwa na FBI huko Raleigh Februari 1995, alilisema hili waziwazi. Alitoka gerezani Januari 2000, na Machi mwaka huohuo akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Aliwaambia kwamba kurubuni watu kulimfanikia sana kiasi kwamba ni mara chache alihitaji kutumia ufundi wa kompyuta.

Tukio lake ninalowasimulia sana vijana wapya ni la kampuni ya simu ya Motorola, 1992. Alitaka msimbo, yaani maandishi ya programu inayoendesha simu yao ya MicroTAC Ultra Lite. Akapiga akijifanya mfanyakazi wa tawi jingine, akawa anahamishwa kutoka mtu hadi mtu, mpaka akampata dada mmoja aliyekubali kumtumia mafaili. Mtambo wa ulinzi ukagoma kuyatoa nje. Yule dada, kwa nia njema kabisa, akaenda kumuuliza msimamizi wa usalama. Akarudi na jina la kuingilia na neno la siri la msimamizi huyohuyo, na mafaili yakaenda! Mtambo ulikuwa sawa kabisa.

Kwetu kazi hii ni nyepesi zaidi kwa sababu ya ukubwa na udogo kazini. Mtu akipiga kwa sauti nzito, akasema yuko makao makuu na mkurugenzi yuko kwenye ndege, karani gani atamwambia "subiri kwanza nihakikishe wewe ni nani"? Ataogopa kuonekana hana adabu. (Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni juya tu: hutupwa kwa watu wengi, akanaswa yule aliyekuwa karibu kutuma kodi ya nyumba. Anayekuja ofisini huwa ameshakusoma.)

Aliyetujia sisi alijua jina la msambazaji, namba ya ankara, mpaka siku tunayolipa. Alikuwa ameingia kwenye barua pepe ya msambazaji na kukaa kimya akisoma. Kilichotuokoa ni mama wa malipo kushtuka kwamba msambazaji anayemwita kwa jina la mwanawe siku zote, leo anamwita "madam".

Baada ya hapo tukaweka utaratibu: akaunti ikibadilika, unapiga wewe, kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani. Ile iliyoandikwa kwenye barua pepe mpya usiiguse. Malipo yanaidhinishwa na watu wawili. Kuandika hayo hakukuchukua muda. Kumshawishi bosi ndiyo ilikuwa kazi. Ilibidi aseme mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kumchelewesha yeye. Muda si mrefu akapiga kutoka Dubai kwa laini ya huko, anataka malipo fulani yaharakishwe. Karani akamjibu, "Shikamoo bosi, nakupigia sasa hivi kwa namba yako ya siku zote," akakata. Bosi alikuja juu, na aliyefokewa ni mimi, lakini karani hakuadhibiwa. Tangu hapo hakuna aliyeona aibu kukata simu.

Kwa upande wako, kama hujaripoti benki, fanya hivyo sasa hivi, maana kila saa inayopita pesa inahamishwa mbali zaidi. Washa uthibitisho wa hatua mbili (yaani neno la siri peke yake halitoshi kuingia, mtu anathibitisha tena, kwa mfano kwa simu yake) kwenye barua pepe zote za ofisi. Antivairasi inayokuja na Windows inatosha kuanzia, ilimradi masasisho yanaingia. Halafu fungua mipangilio ya barua pepe ya mhasibu utazame kama kuna kanuni inayopeleka barua zake kwenye anwani msiyoijua. Wezi hupenda kuiacha pale, na kubadilisha neno la siri peke yake hakuiondoi. Ukiikuta, ipige picha kwanza ndipo uifute. Polisi na benki wataiulizia.