Ukiwa na hela kidogo, irudie Return of the Secaucus 7

Kama unataka kutengeneza filamu na mfuko wako ni mwepesi, acha kwanza kuulizia bei ya kukodi kamera. Tafuta Return of the Secaucus 7 ya John Sayles, iliyotoka 1980, uitazame mara mbili.

Mara ya kwanza utahangaika na majina: nani aliachana na nani, nani mwalimu, nani kabaki mjini kwao anatengeneza magari. Ni marafiki waliokuwa wanaharakati enzi za vita vya Vietnam, wakakamatwa na polisi huko Secaucus, New Jersey, wakielekea Washington kuandamana. Sasa wanakaribia miaka 30 na wanakutana wikendi moja New Hampshire. Wanakula, wanaogelea, wanakunywa, wanachokozana. Basi.

Mara ya pili ndipo utamu ulipo, maana utaanza kuona hesabu zake. Sayles alikuwa na dola kama 60,000, alizopata kwa kuandikia wengine skripti, ikiwemo ya filamu ya Piranha. Waigizaji aliowamudu walikuwa wenzake wa jukwaani, watu wa miaka 30 hivi ambao hawakuwa na kadi ya chama cha waigizaji. Akaandika hadithi ya watu wa miaka 30. Kamera hakuwa na uwezo wa kuihamisha-hamisha, akaweka wahusika wengi ili picha iruke kutoka uso mmoja hadi mwingine.

Tazama hasa mechi ya mpira wa kikapu. Maura kamwacha Jeff, kalala na J.T., na wanaume hao wawili sasa wako uwanja mmoja. Hakuna hotuba. Viwiko na vifua vinamaliza kazi, na gharama yake ni mpira tu.

Mwangalie pia Chip, mpenzi mpya wa Irene, mmoja wa kundi. Yeye ni mgeni, kwa hiyo ana haki ya kuuliza, na sisi tunapata historia ya kundi bila kusomewa risala. (Kuna mazungumzo yanayovutwa mno, sikatai.)

Siku hizi kabla sijaandika chochote naorodhesha watakaokubali kuja Jumamosi kwa nauli na chakula, pamoja na umri wao halisi. Kama wote wana miaka 25, babu wa kupakwa unga kichwani anatolewa kwenye hadithi mapema.