Faili la logi linanigomea siku zingine nikiamka, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina mfumo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nimeutengeneza kwa Laravel (fremu ya PHP) uko kwenye seva ya Ubuntu (Linux). Siku zingine naamka nakuta simu za wanachama, mfumo haufunguki, kosa la 500, nikicheki inasema haina ruhusa ya kuandika logi, lile faili la kumbukumbu za mfumo. Napiga chmod 777 (kila mtu asome na aandike) kwenye lile faili inakaa sawa, kesho kutwa yaleyale. Na sio kila siku, hapo ndo nachanganyikiwa.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hii imewakesha wengi. Angalia hivi, faili ulilolipa 777 jana silo linalokugomea leo. Logi ikiwa kwenye daily, yaani ya kila siku, Laravel inafungua faili jipya kila siku lenye tarehe kwenye jina, sasa mwenye faili anakuwa yule aliyeandika wa kwanza baada ya saa sita usiku. Akianza mwanachama kupitia wavuti, faili ni la www-data, yule mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti, na mambo yanaenda, ila ikitangulia kazi ya kron (ile inayojiendesha kwa ratiba) inayokimbia kama root, mkuu wa seva, faili linakuwa la root lenye 644, yaani root anaandika wengine wanasoma tu, basi www-data akija kuandika anapigwa chini na ukurasa mzima unakufa. Ndo maana inatokea siku moja moja, inategemea nani kawahi. Hata wewe ukiingia kama root ukapiga php artisan (amri za Laravel) asubuhi na mapema unaweza kuliharibu mwenyewe.

Dawa ni kuitoa hiyo kron kwa root uipeleke kwa www-data, fungua crontab -u www-data -e uiandike humo, na artisan uwe unaipiga kwa sudo -u www-data. Kwa wengi inaishia hapo.

Kama kuna kazi ambayo lazima iwe ya root, folda ya storage/logs ipe kundi la www-data halafu chmod 2775, ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Kisha kwenye config/logging.php, pale kwenye daily, ongeza 'permission' => 0664. Tafadhali usiisahau ile sifuri ya mbele, bila hiyo PHP inaisoma kama namba ya kawaida na unapata ruhusa za 1230, vurugu tupu. Kama konfigi umeikeshi, piga config:cache tena.

Hiyo 777 iache kabisa, nakuomba. Logi za mfumo wa mikopo zinaweza kuwa na namba za simu za watu na madeni yao, na 777 inamruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye seva asome na hata afute mistari.

La leo lililokwama lirudishe kwa chown www-data:www-data, wanachama waingie.