Una ng'ombe Simanjiro? Mwogope ndama wa nyumbu kabla ya simba

Tuko wengi hapa Arusha tunaofanya kazi mjini huku ng'ombe wetu wakichungwa na ndugu Simanjiro. Wangu wako kwa baba mdogo. Mvua zikianza, watu huniuliza habari za simba. Simba yupo, nitamfikia. Lakini anayeweza kukumalizia kundi ni ndama wa nyumbu.

Mvua zikianza nyumbu hutoka Hifadhi ya Tarangire kwenda nyanda za Simanjiro, kwenye nyasi fupi zenye madini, na huko huzaa, hasa Januari hadi Machi. Ndama hao hubeba kirusi kisichomdhuru nyumbu hata kidogo, ila ng'ombe akikipata, ndiyo basi. Hutoka na kamasi na machozi ya ndama, kikabaki malishoni. Ng'ombe hushikwa na homa kali, tezi huvimba, kamasi nzito humwagika na macho hufunga ukungu mweupe. Tiba hakuna. Na kwa kuwa dalili huchelewa hata wiki kadhaa, ng'ombe anaweza kuanguka wakati nyumbu wameshahama. Nafuu ni moja: ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo usikimbilie kuuza kundi zima mnadani kwa bei ya kutupa.

Kinga ni kukaa mbali na wanakozalia, jambo ambalo Wamasai wanalijua tangu zamani. Mchungaji akihamia vilimani kwenye nyasi duni, maziwa yatapungua na mbavu zitahesabika. Usimpigie simu kumgombeza! Anayaacha malisho bora ya mwaka kwa makusudi, na roho inamuuma kuliko wewe.

Sasa simba. Huwafuata nyumbu na pundamilia, ndiyo maana maboma hushambuliwa zaidi wakati wa mvua. Mara nyingi hata haingii ndani: ng'ombe wakinusa harufu yake hutimka, huvunja uzio wa miiba wenyewe, na kumkuta nje gizani. Fisi yeye shida yake ni mbuzi na kondoo, na hupenya kwa chini.

Kwa hiyo pesa yako iende kwenye waya wa wavu, uguse ardhi, ufungwe kwenye miti ya kienyeji inayochipua ukiipanda kama vigingi. Nguzo kavu huliwa na mchwa. Mti hai unazidi kunenepa. Jioni wahesabiwe, maana aliyebaki nyuma porini ndiye huliwa kwanza. Na waya ununue wewe wa mjini, tena kabla ya mvua, kwani tope la kule likishakolea gari la mizigo halifiki.