Bima ya saratani juu ya NHIF, si kulipa mara mbili?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nalima korosho huku Newala, NHIF ninayo kupitia wife ambae ni mwalimu. Sasa kuna ajenti anauza bima ya ziada ya saratani, eti ukigundulika tu unapewa hela mkononi. Si ntakua nalipa mara mbili? Na mama angu ana uvimbe kwenye titi, naweza kumwingiza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, ni vitu viwili tofauti. NHIF inailipa hospitali, haikupi nauli ya basi la Dar. Mionzi mtaifata Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na inaweza kwenda wiki kadhaa, karibu kila siku ya kazi, sasa mgonjwa analala wapi, anakula nini, na wewe unaemuuguza nani anakupulizia mikorosho huku? Hela ya bima ya ziada inaingia hapo, unaitumia utakavyo, hata ada ya watoto.

Ila muulize ajenti: nakaa muda gani ndo bima ianze kufanya kazi? Mara nyingi kuna miezi ya kusubiri. Saratani ya mwanzo mwanzo inalipwa yote au nusu? Na leseni ya TIRA, wale wanaosimamia kampuni za bima, aitoe, asizungushe maneno. Omba pia ulipe kwa mwaka, msimu wa korosho, mambo ya kila mwezi yatakushinda.

Mama hapana, uvimbe ushaonekana, na ukiuficha watakataa kulipa. Mpeleke hospitali wiki hii hii, bima baadae.