Muvi Umeshaiona? Sasa Soma Uhakiki Wake

Wanaotaka Kiingereza huambiwa watazame filamu. Sawa, lakini steringi anayekimbizwa hasemi maneno mazito. Atasema kimbia, inama, twende zetu. Muvi za mapigano zitakupa matusi kabla hazijakupa msamiati. Maneno mapana anayo mhakiki, kwa kuwa kazi yake ni kueleza kwa nini filamu imempendeza au imemchosha.

Siri yangu kubwa ni kusoma uhakiki wa filamu niliyokwisha kuiona. Chukua Queen of Katwe ya mwaka 2016, aliyoiongoza Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Kampala aliyeibukia kwenye chesi. Ukishamwona Lupita Nyong'o akiigiza mama yake Phiona, halafu ukute mama wa namna hiyo ameitwa "formidable", kamusi itasubiri kidogo. Umeshamwona. Ni mama asiyechezewa. Neno linakaa juu ya sura unayoijua, na halitoki kirahisi.

Kisha nafungua Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya uhakiki wa filamu. Pale kuna vipande vifupi vya wahakiki wengi, na kila kimoja kina alama: nyanya nyekundu kwa aliyesifu, ya kijani iliyopasuka kwa aliyeponda. Kabla hujajua maana ya "contrived" au "formulaic", umeshajua kwamba si sifa. Soma vipande kadhaa vya filamu moja uone watu wanavyosema jambo lile lile kwa maneno tofauti: huyu "poignant", yule "deeply moving", wote wakimaanisha filamu inagusa moyo. Nakili neno pamoja na jirani zake. "Wooden" peke yake utadhani ni habari za seremala. "Wooden performance" ni uigizaji mkavu, mtu kasimama kama nguzo.

Ukishazoea vipande, nenda kwa makala nzima. Mimi nampenda Roger Ebert wa Chicago Sun-Times, aliyeandika tangu 1967 hadi alipofariki 2013, na mwaka 1975 akawa mhakiki wa filamu wa kwanza kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Sentensi zake hazina mikwaruzo, na makala zake zinasomeka bure kwenye tovuti yenye jina lake. Tafuta zile alizozipa nyota moja kati ya nne. Mtu akichukia filamu huchagua maneno kwa makini zaidi, na utacheka pia.

Baada ya hapo andika uhakiki wako, aya moja tu, ukitumia maneno mawili matatu uliyookota. Bongo Muvi ya jana usiku inatosha kabisa; tena hiyo utakuwa na mengi ya kusema.

Ila angalia unapoyapeleka. Wahakiki hupenda chumvi. "Riveting", yaani inayokushika usibanduke, inafaa kwa filamu. Ukiiweka kwenye ripoti ya kikao cha kamati ya maji, mwenyekiti atakuuliza ulikuwa kikao gani.